Chumba cha Joto cha Paleti, Miritini: Shajara ya Mradi

Shajara hii inafuata ujenzi wa chumba cha kutibu kwa joto mbao za kufungashia mizigo, katika karakana ya kikundi chetu cha mafundi seremala huku Miritini, Mombasa. Tunaiandika kwa ajili ya karakana nyingine za pwani na bara zinazounda paleti (majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), makreti na masanduku ya mizigo ya nje, ili atakayeanza asilipie tena yale ambayo sisi tumekwisha kuyalipia. Hatua za kawaida tumezifupisha, na pale kazi ilipokwama tumeeleza kwa kirefu. Bei ni zile tulizolipa sisi.

8 Januari 2024: Kwa nini joto, na kwa nini sasa

Mzigo wa chai, kahawa, makadamia au maparachichi unapokwenda bandari ya Kilindini, macho ya watu huwa kwenye mazao. Paleti iliyobeba mazao hayo hutazamwa kwa nadra, ilhali nayo ni mti, na mti uliopasuliwa juzi unaweza kuwa na mabuu ndani yake walio hai na wenye afya njema. Ndivyo alivyofika Marekani mbawakavu mwenye papasi ndefu kutoka Asia, Anoplophora glabripennis, aliyegunduliwa Brooklyn, New York, mwaka 1996. Alisafiri ndani ya mbao za kufungashia bidhaa, akatoka, akataga mayai katika miti hai ya mitaani, na dawa iliyobaki ikawa kukata miti hiyo kwa maelfu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, Ureno iligundua mnyoo mdogo anayekausha misonobari, Bursaphelenchus xylophilus, na mpaka leo nchi hiyo ingali inapambana naye.

Kutokana na visa vya aina hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea zilipitisha mwaka 2002 kiwango kinachojulikana kama ISPM 15, ambacho kimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa upande wa joto sharti lake ni fupi kulisema na gumu kulitimiza: ubao wote, pamoja na kiini chake, ufikie nyuzi 56 za Selsiasi na ukae hapo kwa dakika 30 mfululizo. Ubao wenye unene usiozidi milimita 6 na bidhaa kama plaiwudi, ambazo zimekwisha kupita kwenye gundi, joto na shinikizo, haziguswi na sharti hilo.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo la mdudu mgeni. Dumuzi mkubwa wa mahindi, Prostephanus truncatus, asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana Taveta mwaka 1983, na kila mwenye ghala la mahindi kutoka Taita mpaka Kilifi anajua kilichofuata. Wengi wanamjua kwa nafaka tu, lakini ukoo wake ni wa watoboaji wa mbao, na yeye mwenyewe anaweza kuishi ndani ya ubao. Nao inzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na aligunduliwa hapa hapa pwani. Bandari ni mlango, na mlango hutumika kuingia na kutoka. Tunapodai wenzetu watuletee mizigo safi, haki ni kwamba nasi tupeleke iliyo safi.

Njia nyingine iliyokuwa mezani ni kufukiza kwa gesi ya methili bromaidi. Tuliikataa kwa sababu tatu. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inadhibitiwa na Itifaki ya Montreal, ingawa matumizi ya karantini yameachiwa nafasi. Ni sumu kali isiyofaa karakana iliyozungukwa na nyumba za watu. Na wateja wetu wawili wakubwa walitwambia wazi kwamba wanunuzi wao wa Ulaya hawataki kuona herufi MB, alama ya gesi hiyo, kwenye paleti. Tukaamua kujenga chumba cha joto, na kabla ya kununua hata msumari tukafika kwa KEPHIS, ambalo ndilo shirika la taifa la afya ya mimea, kuuliza wanachokagua. Ushauri wetu kwa karakana nyingine ni kufanya hivyo hivyo, kwa maana kubomoa ni ghali kuliko kuuliza.

29 Januari 2024: Kontena limefika

Tumenunua kontena la baridi la futi 20 ambalo mashine yake ya kupoza ilikuwa imekufa, kwa shilingi 380,000, na kulileta kwa lori lenye winchi kumegharimu 45,000. Kontena la baridi lina povu la kuzuia joto katika kuta, dari, sakafu na milango, na povu linalozuia joto lisiingie ndilo hilo hilo linalolizuia lisitoke. Kontena la kawaida la chuma ni rahisi kwa bei lakini lingetulazimu kulivika ngozi ya pili.

Tulitoa mashine iliyokufa, tukaziba tundu lake kwa paneli yenye povu, tukabadilisha mpira wa milango na kuziba mashimo ya kutolea maji sakafuni. Msingi wa zege na matayarisho ya sakafu yalichukua 60,000. Hakuna lililokwama katika hatua hii.

19 Februari 2024: Feni zinaungua

Hita za umeme zenye jumla ya kilowati 24, feni mbili na nyaya zake zimegharimu 215,000. Tuliwasha chumba kikiwa kitupu na joto likapanda vizuri hadi nyuzi 70. Siku ya pili feni moja ilinyamaza, na kabla ya wiki kwisha ya pili nayo ikatoa harufu ya waya ulioungua.

Mota hizo zilikuwa ndani ya chumba. Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba zinastahimili joto, lakini kibandiko kwenye mgongo wake kilisema kikomo ni nyuzi 40 za hewa inayozizunguka, tena hewa kavu. Mbao mbichi hutoa mvuke mwingi, na hewa ya Miritini ina chumvi hata kabla ya mvuke huo kuongezeka.

Marekebisho yalikuwa kuzitoa mota nje ya ukuta na kuacha mapanga peke yake ndani, yakizungushwa kwa mhimili mrefu unaopita katika bomba lenye mpira wa kuzuia hewa. Kusuka upya mota moja, kununua nyingine na kazi ya fundi wa kuchomelea vimekula 38,000. Anayenunua feni kwa kazi hii asome kibandiko kwanza, kisha ndipo asikilize maneno ya dukani. Feni si pambo, kwa sababu joto lisilosukumwa hupanda darini na kukaa huko, na mbao za chini hubaki zinalisubiri.

11 Machi 2024: Mahali palipo baridi kuliko pote

Huu ndio moyo wa mradi mzima, na tutakaa hapa kidogo.

Chumba kinabeba paleti 96 katika marundo manane. Katika jaribio la kwanza lenye shehena kamili tuliweka vipimajoto vinne hewani na vinne ndani ya mbao. Baada ya saa nne hewa ilisoma nyuzi 68 kila upande, na vijana wakaanza kupongezana. Vipimajoto vya ndani ya mbao navyo vilisoma kati ya 60 na 66. Mzee wetu wa karakana, ambaye amefanya kazi ya mbao tangu enzi za misumeno ya mkono, alichomoa kimoja, akaingiza kidole tunduni, akasema, "Wanangu, hapa ndani ni pa baridi. Hiki kilikuwa kinapima upepo."

Alikuwa na haki. Tundu tulilotoboa lilikuwa pana kuliko waya wa kipimajoto, na hewa ya moto ilikuwa ikiingia kandokando na kuukuta waya kabla ubao wenyewe haujapata moto. Tukatoboa upya kwa keekee ya ukubwa unaolingana na waya, mpaka katikati ya mguu wa paleti, yaani kile kipande kinene cha mraba cha sentimita 10 kinachobeba mbao za juu, tukaujaza mdomo wa tundu kwa vumbi la mbao lililokandwa na gundi na kuliacha likauke. Tukarudia jaribio lile lile kwa muda ule ule. Safari hii, wakati hewa ikisoma 68, mguu wa paleti ya chini kabisa karibu na milango ulisoma 47.

Tofauti hiyo ya nyuzi 21 ndiyo inayompitisha mdudu. Paleti zilizokuwa juu na karibu na hita zilikuwa zimetibika vya kutosha, na kama tungepima hizo peke yake tungezipiga muhuri paleti zote 96 kwa dhamiri safi, huku nyingine zikiwa na kila kilichokuwamo zilipotoka kwenye msumeno. Kiwango kinataka vipimajoto viwekwe mahali palipo baridi kuliko pote katika shehena, na mahali hapo hapajulikani kwa kukisia, hutafutwa.

Tulipatafuta kwa kuhamisha vipimajoto kutoka rundo hadi rundo, na kila shehena ikarudi na jibu moja: safu ya chini, upande wa milango, mkono wa kushoto. Mambo mawili yalisababisha hali hiyo. La kwanza, hewa ilikuwa ikipita juu ya marundo na pembeni yake, kwani hewa nayo hufuata njia isiyo na kizuizi, na ndani ya marundo haikuingia. La pili, paleti za chini zilikuwa zimekaa moja kwa moja juu ya sakafu ya kontena, na sakafu ilikuwa ikizinyonya joto.

Kwa hilo la kwanza tulining'iniza mapazia ya turubai kutoka darini hadi juu ya marundo, na mengine pembeni, ili hewa isipate njia ila kupenya katikati ya paleti. Tukaacha pia nafasi ya upana wa kiganja baina ya rundo na rundo. Kwa la pili tuliinua marundo yote kwa mataruma ya urefu wa sentimita 12, hewa ya moto ikapata kupita chini yake. Turubai na mataruma vilitokana na vitu tulivyokuwa navyo. Baada ya hapo tofauti kati ya hewa na kiini cha mguu ule wa pembeni ilishuka, na kiini kikavuka nyuzi 56 kabla ya saa ya sita.

Tangu siku hiyo ipo sheria moja ambayo haina mjadala: dakika 30 huanza kuhesabiwa pale kipimajoto kilicho nyuma kuliko vyote kinapovuka kiwango. Wastani wa vipimajoto hatuuandiki popote, kwa sababu mdudu haishi katika wastani.

15 Aprili 2024: Kuvipima vipimo vyenyewe

Kinasa vipimo chenye njia nane, pamoja na nyaya zake, kiligharimu 92,000. Kabla ya kukiamini tulizamisha nyaya zote kwa pamoja katika ndoo ya barafu iliyopondwa na maji, ambayo haina budi kusoma sufuri, kisha katika sufuria ya maji yanayochemka. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100, jambo linalorahisisha kazi. Wenzetu wa Nairobi wakumbuke kwamba kwao maji huchemka karibu na nyuzi 94, wasije wakavitupa vipimo vizima wakidhani vibovu.

Nyaya sita zilikubaliana. Moja ilisoma juu kwa zaidi ya nyuzi mbili katika ndoo zote mbili, na nyingine ilikuwa ikirukaruka. Ile inayorukaruka ilikuwa na kutu kwenye kiungio, tukaikata na kuiunga upya. Ile inayosoma juu tuliitoa kazini kabisa, kwa kuwa kipimo kinachosoma juu ni cha hatari kuliko kinachosoma chini: cha pili hukupotezea umeme na muda, cha kwanza hukutuliza roho wakati mbao hazijafika.

Baadaye kifaa chote kilikwenda katika maabara ya vipimo iliyoidhinishwa, kwa 24,000, na kikarudi na cheti. Jaribio la ndoo si badala ya cheti hicho, lakini tunalirudia kila mwezi na kuliandika daftarini. Vilevile tumeamua kwamba hesabu yetu haianzi kwenye 56 bali kwenye 58, ili kosa dogo la kifaa lisitutoe nje ya kiwango.

13 Mei 2024: Masika, na umeme uliokatika

Masika yamebadilisha hesabu zote. Mbao za saipresi na mikaratusi kutoka bara zinafika zimelowa, na mvinje wa hapa pwani uko vivyo hivyo. Shehena iliyokuwa ikimaliza kwa saa sita wakati wa kaskazi sasa inachukua tisa au zaidi, maana joto hutumika kwanza kupasha maji yaliyomo katika ubao. Umeme wa shehena moja, uliokuwa chini ya shilingi 3,000, umepita 5,000, na kwa paleti 96 faida yote inaishia hapo.

Kisha likatokea lile tulilokuwa tukiliogopa. Kiini cha mguu wa mwisho kilikuwa kimevuka kiwango, dakika 22 zimekwisha kuhesabiwa, na umeme ukakatika mtaa mzima. Feni zikasimama. Uliporudi, kipimajoto cha chini kilikuwa kimeshuka hadi 53. Mteja alikuwa na meli ya kuiwahi na karani wake alikuwa amesimama getini na lori. "Fundi, dakika 22 na nane si ni 30? Malizieni zilizobaki, nipakie," alisihi, na kwa kweli alikuwa ni mtu muungwana aliyekuwa katika shida ya kweli. Lakini neno ni mfululizo. Buu aliyepata joto la kumdhoofisha, kisha akapata nafuu, hatujui ana hali gani, na kiwango hakitupi ruhusa ya kukisia hali yake. Tulianza hesabu upya kutoka sufuri, lori likaondoka usiku, na paleti za shehena hiyo tulimpunguzia bei kwa hiari yetu.

Marekebisho yamekuwa makubwa. Chanzo kikuu cha joto sasa ni tanuri la nje linalochoma mabaki ya mbao na maranda ya karakana, vitu ambavyo awali tulilipa kuvitupa. Moto unapita ndani ya mabomba ya chuma, feni inasukuma hewa safi juu ya mabomba hayo na kuiingiza chumbani, na moshi unatoka kwa dohani yake peke yake. Hita za umeme zimebaki za kusaidia. Tumenunua pia jenereta ndogo iliyotumika ya kuendesha feni na kinasa vipimo tu, kwa 70,000. Tanuri limegharimu 140,000.

10 Juni 2024: Moshi, ukungu na wateja wa chai

Mabomba ya tanuri yalivuja. Viungio vilichomelewa upande mmoja tu, na chuma kilipopata moto na kupoa mara kadhaa kikafunguka nyufa nyembamba ambazo jicho halikuziona. Paleti zilitoka zimetibika lakini zina harufu ya moshi, na chai ina tabia ya kuvuta harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Mteja wetu wa Shimanzi, anayefungasha chai iliyonunuliwa katika mnada wa Mombasa, alizirudisha zote, na hatukumlaumu. Fundi mwingine alichomelea viungio pande zote mbili na kuvijaribu kwa kuziba ncha, kusukuma hewa ndani na kupaka povu la sabuni nje. Gharama ni 35,000. Jaribio la sabuni ni la dakika chache, na lifanywe kabla tanuri halijaunganishwa na chumba.

Tatizo la pili ni la kueleweka vibaya, na tunalieleza kwa sababu limewachanganya hata watu wenye uzoefu. Paleti iliyopigwa HT, alama ya kutibiwa kwa joto, imetibiwa dhidi ya wadudu na minyoo waliomo ndani ya mbao, haikukaushwa. Ubao unaweza kukaa kwenye nyuzi 56 kwa nusu saa ukatoka bado umejaa maji, na katika unyevu wa mwezi wa tano ukaota ukungu wa kijani kabla ya wiki kwisha. Hilo lilitupata kwa paleti tulizozipanga zikiwa bado zina joto, zimebanana, chini ya turubai. Ukungu wa namna hiyo hauvunji masharti ya ISPM 15, lakini hakuna anayeweka magunia ya karatasi ya chai juu yake.

Sasa tumejenga kibanda cha paa la mabati kisicho na kuta upande wa kusi, kwa 85,000, ambamo paleti hupangwa zikiwa zimeachana na upepo hupita katikati. Hazitoki hapo mpaka kipima unyevu kisome chini ya asilimia 20. Mteja anayetaka paleti kavu tunamweleza mapema kwamba kukausha ni kazi nyingine, yenye siku zake na bei yake.

1 Julai 2024: Magome, muhuri na mpaka wa chokaa

Mkaguzi alipita na kushuhudia shehena moja kuanzia kupangwa hadi mwisho. Chumba hakikuwa na tatizo. Alisimama zaidi kwenye mambo ambayo sisi tuliyaona madogo.

La kwanza ni magome. Kiwango kinaruhusu mabaki ya gome yasiyofika upana wa sentimita 3, hata yakiwa marefu, au yaliyo mapana zaidi lakini eneo lake halifiki sentimita 50 za mraba kwa kipande. Mbao zetu za pembeni za mvinje zilikuwa na vipande vilivyozidi. Sababu ya sharti hilo ni ya busara: joto huua waliomo, lakini halimzuii mdudu mwingine kuja kesho kujificha na kutaga chini ya gome lililobaki. Tumeweka kijana mmoja kwenye meza ya kupokelea mbao akiwa na panga na kipande cha bati kilichokatwa kwa upana wa sentimita 3; gome linaloonekana kandokando ya bati hilo linabanduliwa.

La pili ni muhuri. Alama ina nembo ya shuke la ngano ya mkataba wa kimataifa, herufi za nchi, ambazo kwetu ni KE, namba ya mtengenezaji na herufi HT. Haichorwi kwa mkono, na rangi nyekundu na ya machungwa huepukwa kwa kuwa hutumika kwa mizigo ya hatari. Tulikuwa tumeandaa stensili na rangi nyekundu. Tumebadilisha kuwa nyeusi. Stensili na vifaa vyake ni 12,000. Stensili yenyewe sasa inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo uko kwa msimamizi peke yake, kwani anayeweza kuipata anaweza kuandika uongo kwa jina letu kwenye ubao wowote unaokwenda popote duniani.

La tatu ni uwanja. Paleti zilizotibiwa na zisizotibiwa zilikuwa zinatenganishwa kwa mazoea ya watu tu. Tumepiga mstari mpana wa chokaa sakafuni, upande mmoja mbichi, upande mwingine zilizotibiwa, na kila shehena ina kadi yenye namba inayolingana na mchoro wa joto uliohifadhiwa. Mteja akiuliza mwakani paleti fulani ilitibiwa lini, tunamwonesha mstari wa kila kipimajoto.

Kuhusu paleti za kukarabati, ambazo ni nusu ya biashara ya mji huu, kanuni inasema kwamba paleti iliyobadilishwa hadi karibu theluthi moja ya vipande vyake inaweza kubaki na alama yake, mradi vipande vipya vimetibiwa na kila kimoja kimepigwa alama. Zaidi ya hapo, alama zote za zamani zifutwe, paleti itibiwe upya na ipigwe alama upya. Tumeona paleti mitaani zenye mbao moja tu ya asili, ile yenye muhuri, na zilizobaki zimepigiliwa juzi. Sisi tumechagua njia nyepesi kuisimamia: paleti yoyote ya kukarabati inayoingia kwetu inapigwa randa alama zake zote na kupita chumbani kama mpya.

5 Agosti 2024: Hesabu, na hatua inayofuata

Mpaka leo mradi umekula shilingi 1,196,000, bila kuhesabu ada za usajili na ukaguzi wala mishahara yetu wenyewe. Bajeti ya mwanzo ilikuwa 750,000. Sehemu kubwa ya ongezeko imetoka katika kuhamisha mota, tanuri na viungio vyake, jenereta na kibanda cha kukaushia, mambo ambayo karakana inayosoma shajara hii inaweza kuyaweka katika mchoro wake tangu siku ya kwanza. Kwa tanuri la mabaki ya mbao, uendeshaji sasa ni karibu shilingi 45 kwa paleti, pamoja na kibarua, na mteja analipa nyongeza ya 100 kwa matibabu.

Karakana mbili za Changamwe zimeomba kuleta paleti zao zitibiwe hapa. Tumekubali kwa sharti kwamba magome yatolewe kwao, na kwamba alama itapigwa hapa hapa baada ya shehena kupita, si kwao.

Maombi mengine yametoka kwa mawakala wa meli, wanaohitaji mbao nene za kubania mizigo isitembee ndani ya meli na makontena. Nazo zinaguswa na ISPM 15 sawasawa na paleti, ila unene wake ni sentimita 15, na unene ukiongezeka mara moja na nusu, muda wa joto kufika kiinini huongezeka zaidi ya mara mbili. Mapazia yetu, mataruma na hata mahali tulipopajua kuwa pa baridi kuliko pote vilipatikana kwa shehena za paleti, na haviwezi kuazimwa kwa shehena ya namna nyingine. Wiki ijayo tunaanza kutafuta upya, kwa vipimajoto vinane vilivyozamishwa katikati ya mbao hizo na mdomo wa kila tundu umezibwa. Mpaka michoro hiyo itoke na mkaguzi aione, maombi ya mbao nene tunayakataa.